Mwenye Mtandio wa Njano

Usiku ule Mama Kisogo alikaa ukingoni mwa kitanda na mkoba wake mapajani, kama mtu anayesubiri gari. Muziki wa tamasha ulikuwa umekwisha kitambo. Kwanza zilinyamaza ngoma, kisha zile spika kubwa zilizokuwa zikitikisa vioo vya madirisha mtaa mzima, mwisho zikapita barabarani sauti za watu wanaorudi makwao, wengine wakiimba, wengine wakigombana na viatu vyao. Nao wakaisha. Binti yake hakuwamo.

Simu aliipiga mpaka yule mwanamke anayesema kwa upole kwamba namba unayopiga haipatikani akawa kama mtu wa nyumba ile.

"Haipatikani, haipatikani," Mama Kisogo alimjibu. "Nawe huna neno jingine?"

Kilichomtesa zaidi ni kwamba hakuwa na mtu wa kumwambia. Angesemaje? Chini ya kitanda, nyuma ya sanduku, vilikuwamo viatu vyake vimejaa vumbi la uwanjani. Ndani ya mkoba, chini kabisa, ulikuwamo mtandio wake wa njano, nao unanuka moshi na jasho la watu. Yeye mwenyewe alikuwa huko kwenye tamasha. Alikaa mpaka bendi ya mwisho ilipopanda jukwaani, kisha akatoka mbio kwa njia ya nyuma ili afike nyumbani kabla ya mwanawe, anawe miguu, akae kwenye cherehani, akutwe na sura ya mtu aliyeshinda anashona. Jana yake mambo yalikwenda sawa.

"Shikamoo mama. Hujalala tu?"

"Marahaba. Nilikuwa namalizia pindo."

Pindo lenyewe alikuwa amelimaliza asubuhi.

Sasa pindo lilikuwa pale, cherehani ilikuwa pale, na mtoto hakuwapo. Angejua angebaki mpaka mwisho. Alijilaani, akalilaani tamasha, akamlaani aliyegundua kamera, akarudi kujilaani mwenyewe.

Jina la Mama Kisogo hakulipenda. Kwa wateja wake alikuwa Fundi tu, anayeshona sare za shule, anayebadilisha zipu na kukunja mapazia pale barazani. Shule aliiacha njiani, lakini kusoma anasoma, na kuangalia hajafundishwa na mtu. Mumewe alitoka asubuhi moja akiwa mzima, na kilichorudi jioni ni habari. Tangu siku hiyo hakumwamini tena mtu yeyote anayetoka mlangoni na kusema narudi sasa hivi. Mtoto alipoanza shule, mama alimfuata kwa upande wa pili wa barabara mpaka lango la shule, kila siku, mpaka mwalimu mkuu akamwita na kumwambia, "Mama, ama uandikishwe nawe, ama ubaki nyumbani." Watu walicheka. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Binti alikua akaingia kwenye kazi ya picha. Alianzia studio ya jirani, akipiga picha ndogo za vitambulisho. Akaenda kwenye harusi, akachoka kuwapanga watu waliokunja sura kwa joto la suti. Kisha akaangukia kwenye muziki, na huko akazama mzimamzima.

Kazi ile ina kanuni yake. Wapiga picha huruhusiwa kukaa mbele kabisa, katika ule uwazi kati ya jukwaa na uzio wa chuma, kwa nyimbo tatu za mwanzo tu za kila bendi. Wimbo wa tatu ukiisha, walinzi huwatoa wote, nao huenda zao kunywa soda na kusubiri bendi inayofuata. Binti huyu haendi kunywa soda. Huingia upande wa watu, huegemeza mgongo kwenye uzio, analipa jukwaa kisogo, na kuwapiga picha watazamaji.

"Wanamuziki wanajua wanapigwa, mama," alimweleza siku moja akiwa anafuta lenzi kwa kitambaa laini. "Wanajitayarisha. Lakini uso wa mtu anayesikia wimbo anaoupenda haujitayarishi. Hauna uongo."

"Na yeye mwenyewe anajua kama unamchukua huo uso?"

"Namwonyesha hapohapo kwenye kamera. Akisema sitaki, nafuta mbele yake."

Kwa kuwa mwanamuziki aliyeko jukwaani huona kisogo chake tu, wenzake wakampachika jina hilo. Jina likatoka uwanjani likaja mtaani, likapanda kutoka kwa mtoto mpaka kwa mama. Fundi alipoitwa Mama Kisogo kwa mara ya kwanza, alimfukuza mwitaji kwa futi ya kupimia nguo. "Mtoto nimempa jina zuri, nyie mnamwita kwa nyuma ya kichwa!" Lakini jina likiganda limeganda.

Kaka yake mkubwa, yaani mjomba wa binti, hakuacha kumchokonoa. "Dada, huyo mwanao anajichanganya na makundi ya watu usiku na mashine ya maana shingoni. Siku moja utakuja kwangu unalia." Mbele ya kaka yake Mama Kisogo alimtetea mwanawe kwa mapana na marefu. Kaka akishaondoka, yale maneno yake yalibaki chumbani kama harufu ya sigara.

Ndipo akaanza kumfuata tena. Alisikia kwamba kwenye tamasha kuna wezi wa simu, akaona roho yake haitatulia. Alikata tiketi ya kusimama, akajitanda mtandio wa njano mpaka puani, kwa sababu ya vumbi na kwa sababu ya kutojulikana, akajipenyeza mpaka akabakiza mabega machache tu kati yake na mwanawe. Ungemuuliza bendi gani ilipiga, asingejua. Jukwaa hakuliangalia. Aliangalia mikono ya watu, mifuko ya watu, mikoba ya watu, kila kiganja kilichosogea karibu na kamera ile. Ilikuwa kazi nzito kuliko kushona. Alirudi nyumbani shingo imekakamaa.

Na sasa hayo yote hayakuwa yamesaidia kitu.

Kulipopambazuka, mtu alibisha hodi. Mama Kisogo alifika mlangoni kabla sauti haijaisha. Alikuwa ni mwenzake binti katika kazi, kijana mrefu mwembamba anayetembea na mguu wa kamera, ule wa vyuma vitatu, begani popote aendapo, ndiyo maana anaitwa Mguu Tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Mzima, mama. Usishtuke."

"Nakuuliza yuko wapi unaniambia mzima. Nani kakuuliza uzima? Yuko wapi?"

"Wamemfungia, mama. Walinzi wa tamasha. Kwenye stoo, nyuma ya jukwaa. Sisi walitutoa wote nje, nikabaki langoni nikidhani watamwachia. Mpaka sasa hawajamwachia."

"Kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Ila jana simu za watu zimepotea nyingi, pale pale mbele. Walinzi wanasema Kisogo ndiye jicho la wezi. Eti anageuka, anamchagua mtu aliyefumba macho kwa raha, anampiga picha, na ile taa ya kamera ndiyo ishara. Wanauliza, mpiga picha gani wa muziki anayelipa jukwaa kisogo?"

"Jicho la wezi! Mwanangu mimi!"

"Subiri, mama. Wakamnyang'anya kamera wakaangalia picha. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kuna mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Simjui. Amejitanda mtandio wa njano, yanaonekana macho tu. Yumo kwenye picha hii, yumo kwenye ile, yumo hata kwenye za juzi. Watu wote wanaangalia mbele wanafurahi, yeye anaangalia mifuko ya watu. Basi walinzi wamekata shauri: Kisogo anachagua, yule mwanamke anachukua. Wamemwambia, mtaje mwenzako huyo tukuachie sasa hivi na kamera yako. Hasemi."

"Hasemi?"

"Amewaambia hamjui. Usiku kucha, hamjui, hamjui."

Mama Kisogo alikaa kwenye kigoda cha cherehani bila kukiangalia kilipo. Mkoba ulikuwa bado mkononi. Ilikuwa kama ameshika jiko lenye makaa.

"Na wewe," alisema taratibu, "hukumtambua huyo mwanamke?"

"Mama, mimi huwa naangalia jukwaa."

Mama Kisogo aliushusha mkoba mapajani. Kisha akauliza, "Polisi wanasemaje?"

"Hawajaitwa. Mratibu wa tamasha hataki. Leo ni siku ya mwisho, wageni wakubwa wanakuja, hataki jina la tamasha lichafuke."

Hapo ndipo woga wote wa usiku ulipogeuka hasira. Kumbe walijua hawana kesi! Kama mtoto ni mwizi, si wampeleke panapopelekwa wezi? Wamejipa upolisi, wamejipa uhakimu, wamejipa na jela, ndani ya stoo ya spika! Jina la tamasha lisichafuke, lakini la mtoto wa fundi wa barazani wanaweza kulipangusia miguu!

"Simama," alimwambia Mguu Tatu. "Twende."

Alijifunga kitambaa cha bluu kichwani. Mtandio wa njano aliuacha ulipokuwa. Hakuwa ameamua lolote juu yake. Njia nzima aliukandamiza mkoba kwapani, na kila aliyepishana naye alimwona kama anajua kilichomo.

Uwanja asubuhi ulikuwa kama nyumba baada ya wageni wabaya. Vikombe vya plastiki vimekanyagwa, bangili za karatasi za kuingilia zimechanika na kuzagaa, nyasi zimelala kifudifudi. Wafagiaji walikuwa wakikusanya takataka kwa uvivu. Langoni mlinzi alinyoosha mkono.

"Bangili?"

"Sina bangili. Nina mtoto humo ndani."

"Bila bangili hamna kuingia, mama. Ndio utaratibu wa tamasha."

"Tamasha lipi saa hizi? Nani anapiga, wafagiaji?"

Mguu Tatu aliona mambo yanakwenda kombo. Aliushusha mguu wa kamera akamtwisha Mama Kisogo begani, akamwonyesha mlinzi beji yake. "Huyu ni msaidizi wangu, kaka. Tunakuja kupima mwanga." Mlinzi alimwangalia mama mtu mzima na gauni lake la maua na vyuma vitatu begani, akasogea pembeni, wakapita.

Stoo ilikuwa chumba cha matofali nyuma ya jukwaa, mlango wa bati zito, komeo na kufuli. Mbele yake, juu ya sanduku la spika, alikuwa amekaa mkuu wa walinzi, jitu la mtu ndani ya fulana nyeusi, wenzake wanamwita Komando. Mama Kisogo alimtambua mara moja. Usiku uliopita alikuwa hatua chache tu kutoka alipokuwa yeye, anaimba beti baada ya beti, macho kayafumba. Komando hakumtambua.

"Nani wewe?"

"Mama yake."

"Ahaa!" Komando aliwageukia wenzake. "Mama wa jicho kaja, na mguu wa kamera kabisa. Familia nzima iko kazini!"

Wakacheka. Mama Kisogo aliutua ule mguu chini.

"Ulimwona mwanangu akiiba?"

"Mama, wezi wa kisasa huwaoni wakiiba."

"Basi ulimwona nini?"

"Tulimwona anaangalia watu. Mtu anayekuja kwenye muziki anaangalia muziki. Akiangalia watu, ana lake jambo." Alisema hivyo kwa kujiamini, kama mtu aliyetoa fundisho. "Sisi tunaijua kazi yetu. Amtaje huyo wa mtandio, yaishe. Ngoja nimwite mratibu, uzungumze naye." Akaondoka na simu yake ya upepo, anaigonga gonga kwenye kiganja kwa sababu haisikiki.

Mama Kisogo alikwenda mlangoni akaweka mdomo karibu na upenyo wa bawaba.

"Mwanangu."

Kisha kitu kikakwaruza ndani.

"Mama? Umekuja kufanya nini?"

"Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo, mama. Rudi nyumbani."

"Marahaba. Sirudi. Wamekupa chochote ukala?"

"Maji. Nimelala juu ya mapazia ya jukwaa, niko sawa." Sauti ikashuka ikawa mnong'ono. "Mama, umevaa nini kichwani?"

Mkono wa Mama Kisogo ulikwenda kichwani wenyewe. "Cha bluu."

"Vizuri. Ule mwingine umeuacha wapi?"

"Mwingine upi?"

"Mama."

Neno moja tu, lakini lilivyosemwa lilimmaliza. Aliegemeza paji la uso kwenye bati. Lilikuwa bado na ubaridi wa usiku.

"Uliniona lini?" aliuliza.

"Siku ya kwanza, bendi ya kwanza. Mama, kazi yangu ni kuangalia watu. Ulidhani nitawaona wote nimkose mama yangu?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha? Si ungevaa wa kijani tu ukarudi?"

Mama Kisogo aliubana mkoba kwapani zaidi.

"Sikiliza, mama. Mwenzangu atakusindikiza. Nenda. Mimi wataninyang'anya beji, basi, nitatafuta kazi pengine. Wewe wakikuingiza kwenye hili, mtaa mzima utasikia. Nani atamwachia kitambaa chake fundi anayetajwa kwa wizi? Na mjomba je? Atalisema mpaka kwenye mazishi yetu."

"Kwa hiyo umelala kwenye mapazia kwa ajili yangu."

"Nimelala kwa sababu mlango umefungwa. Nenda, mama. Tafadhali."

Tangu mwanzo yeye ndiye aliyekuwa mlinzi katika nyumba ile. Yeye ndiye aliyekaa macho. Na usiku kucha alipokuwa ukingoni mwa kitanda akimsubiri mtoto, mtoto alikuwa huku ndani akimlinda yeye. Jambo hilo lingemliza siku nyingine. Asubuhi ile lilimtia hasira. Nani aliyewapa hawa watu haki ya kumfanya mtoto achague kati ya kazi yake na mama yake? Kwa kosa gani? Kwa kuwa na macho?

Mratibu alifika. Alikuwa mwanamke nadhifu, miwani ya jua kaipandisha kichwani, sauti yake laini kama ya yule wa kwenye simu.

"Karibu, mama. Pole sana kwa usumbufu."

"Pole yako iweke. Fungua mlango."

"Tutafungua, mama, hakuna shida kabisa. Tunahitaji tu ushirikiano mdogo. Njoo uangalie."

Alimpeleka kwenye meza chini ya turubai, palipokuwa na kamera ya binti. Mama Kisogo alikuwa hajawahi kuishika kamera ile. Mratibu alibonyeza, picha ikatokea, akaisogeza karibu.

Ilikuwa nzuri. Hakutarajia hilo. Kijana amefungua mikono kama anataka kuukumbatia uwanja mzima. Bibi mmoja anacheka na pengo lake. Msichana machozi yanamtoka na yeye hana habari nayo. Na katikati ya raha yote hiyo, juu ya kitambaa cha njano, macho mawili yamemtoka mtu pima. Kwa kitambo kidogo Mama Kisogo hakutambua kwamba ni yeye mwenyewe. Alijiuliza, nani amemtisha mwanamke huyu namna hii? Watu wote wale walikuwa kwenye muziki, yeye peke yake alikuwa msibani.

"Huyu," mratibu aligusa macho yale kwa ukucha uliopakwa rangi. "Binti yako anamjua, anamficha. Mwambie amtaje. Anatoka sasa hivi, na kamera yake. Hata polisi hatuwaiti."

Jicho la Mama Kisogo, lililozoea kutafuta uzi ulioruka kwenye pindo, lilikuwa limekwama mahali pengine katika picha ileile. Pembeni, kando ya uzio, walikuwamo watu wa fulana nyeusi. Aliinama, akaangalia vizuri.

"Na hawa ni nani?"

"Hao ni walinzi wetu."

"Huyu mwenye mdomo wazi?"

Komando alisogea, akachungulia, akarudi nyuma.

"Nimekuuliza, mratibu. Huyu aliyefumba macho anaimba, naona hapa mpaka jino lake la nyuma, si ndiye huyu aliyemfungia mwanangu?"

"Mama, hilo si suala la sasa."

"Ndilo la sasa!" Sauti yake ilipanda mpaka wafagiaji wakasimamisha mafagio. "Mwanangu alikuwa mbele anaangalia watu. Mlinzi anayewalinda watu, naye angekuwa anawaangalia. Basi kwenye picha hii angeonekana kisogo! Mbona hawa wote naona meno? Huyu meno, yule meno, na huyu wa mwisho anapiga makofi! Watu wanaibiwa nyuma yenu mnaimba! Kisha mnamshika nani? Mnamshika yule mmoja aliyelipa jukwaa kisogo. Yeye na mimi."

"Wewe?" mratibu aliuliza.

Mama Kisogo alifungua mkoba. Alitoa kigurudumu cha uzi wa cherehani, akakiweka mezani. Akatoa futi ya kupimia, mkasi mdogo, simu yake ya vitufe iliyofungwa kwa mpira. Chini kabisa akaupata mtandio. Aliukung'uta, vumbi la uwanjani likamrukia Komando kifuani. Akakifungua kile kitambaa cha bluu mbele yao wote, akajitanda ule wa njano, akauvuta mpaka puani, akawatazama.

Hakuna aliyehitaji kuangalia picha tena.

"Mwanamke wenu ndiye huyu," alisema kupitia kitambaa. "Nilikuwa naangalia mifuko ya watu, ndiyo. Nilikuwa natafuta mwizi, maana mwanangu yumo humo, na mliolipwa kumtafuta mwizi mlikuwa kwenye kiitikio. Mkoba huo hapo, upekueni. Hamtaki? Basi twendeni polisi. Mimi niko tayari sasa hivi. Ila picha hii tunakwenda nayo, nikawaulize wao, mtu akilinda kwa kufumba macho anaitwa nani."

Mfagiaji mmoja alicheka kwa sauti, akajitia anakohoa. Mguu Tatu alikuwa anaangalia mbinguni.

"Mama," Komando alianza, na lile jitu lote likawa limenywea, "ule wimbo kwa kweli..."

"Wimbo ni mzuri, sikatai. Mimi sikuusikia."

Mratibu alishusha miwani yake ya jua ingawa jua lilikuwa bado halijafika pale. "Sawa, mama. Tumeelewana. Tutamtoa kimya kimya. Aondoke kwa lango la nyuma, beji aiache, leo apumzike, na sisi tutalisahau jambo hili."

"Mtalisahau nyinyi?" Mama Kisogo aliushusha mtandio mdomoni ili asikike vizuri. "Mlimwita mwizi kimya kimya? Jana usiku mlimburura mbele ya uwanja mzima, leo atoke kwa nyuma kama paka aliyekojoa ndani? Atatoka kwa lango walilotolewa wenzake. Beji ni yake, ataivaa. Na mlango atafungua aliyeufunga. Huyu."

Wafagiaji walikuwa wamesogea. Mafundi wa taa nao walikuwa wameacha nyaya zao. Mlinzi wa langoni, yule wa bangili, alikuwa amefika kuona kelele ni za nini, akamtazama msaidizi wa Mguu Tatu kwa mshangao. Mratibu aliwaangalia wote hao, akamwangalia Mama Kisogo, akamfanyia Komando ishara ya kidevu.

Komando alitoa shada la funguo. Alijaribu wa kwanza, haukuwa wenyewe. Akajaribu mwingine, nao ukakataa.

"Fumba macho uimbe," alisema Mama Kisogo nyuma yake. "Labda utauona."

Kufuli likaachia. Mlango ulikwama chini, ukakwaruza saruji, Komando akauinua kidogo kwa bega, ukafunguka.

Binti alisimama kizingitini, kiganja juu ya macho kwa sababu ya mwanga, alama ya mshono wa pazia imemkaa shavuni. Aliwaangalia watu waliojaa, mmoja mmoja, kama anavyowaangalia siku zote. Kisha akamwona mama yake, akauona mtandio.

"Nilikwambia urudi nyumbani," alisema.

"Nilikusikia," Mama Kisogo alijibu. "Kachukue kamera yako kabla sijasema mengine."